Uliacha shule ukashika ufundi? Cheti kinatafutwa hivi

Mdogo wangu, mimi niliacha shule kidato cha pili, ada ilipotushinda nyumbani. Nikamfuata fundi umeme mmoja hapa Mwanza, saiti hadi saiti. Baada ya miaka minne nilikuwa nafanya wayaringi ya nyumba nzima peke yangu. Lakini mwenye nyumba akitaka kuomba umeme TANESCO, panahitajika mchoro na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Ukuta nimetoboa mimi, waya nimepitisha mimi, mwenye muhuri anakuja mwishoni kuchukua chake. Na leseni huombi bila cheti cha ufundi. Hapo ndipo tunapokwama wengi, na kazi tunaijua.

Anza na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Angalia majina yafanane herufi kwa herufi na cheti chako cha darasa la saba. Changu kilisoma Mohamed, kitambulisho Muhamedi. Ikabidi nikaape kwa wakili kwanza.

Kama unataka kurudi kwenye masomo yenyewe, kuna Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Ukifaulu, unaweza kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Na dada uliyeacha kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu kurudi shule ya kawaida. Asikudanganye mtu kwamba mlango umefungwa.

Kwa aliye na ujuzi tayari, nenda chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, uulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, yaani kupimwa kazi unayoijua tayari ili upewe cheti. Usikimbilie kulipia kozi ya kuanzia sifuri kabla hujauliza hilo. Wakati unasubiri, weka daftari: tarehe, saiti, kazi uliyofanya, simu ya mwenye nyumba. Piga picha mabomba ya waya kabla ya plasta, maana yakishazibwa huna cha kuonyesha.

Siku ya kupimwa, mtathmini anakuangalia ukifanya kazi, halafu anakuuliza maswali. Mimi niliambiwa nifunge taa moja inayowashwa kwa swichi mbili, kama ya kwenye ngazi. Nikaifunga, ikawaka. Akaniuliza: kwa nini swichi inakata laivu, waya unaoleta umeme, na siyo nyutro, waya unaourudisha? Nikanyamaza. Miaka yote nilifunga hivyo kwa kuwa fundi wangu alifunga hivyo. Akanieleza: ukikata nyutro taa inazima kweli, lakini kwenye holda umeme bado upo, na anayebadilisha balbu anapigwa shoti. Nilifikiria nyumba nilizofanya, na watoto waliomo. Nikapelekwa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo kama hayo, ndipo nikapata cheti.

Kwa hiyo kuanzia kesho, kila unachofunga muulize fundi wako kwa nini. Akikasirika, muulize mwingine. Na siku ya tathmini beba testa na koleo zako mwenyewe, zile ambazo mkono umezizoea.