Kugawa mtandao bila kuhesabu biti: anza na 256

Ukipewa anwani ya IP kama 192.168.10.77/27, usikimbilie kuandika sifuri na moja. Chukua 256, toa namba ya mwisho ya maski, yaani namba nne zinazoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya kifaa. Maski ya /27 (biti 27 za mwanzo ni za mtandao) ni 255.255.255.224, kwa hiyo 256 toa 224 ni 32. Hiyo 32 ndiyo hatua ya kuruka: mitandao midogo inaanzia 0, 32, 64, 96, hivyohivyo hadi 224. Sasa 77 imeangukia wapi? Kati ya 64 na 96. Basi 64 ni anwani ya mtandao wenyewe, 95 ni ya kutangazia wote, na vifaa unavigawia 65 hadi 94. Jumla 30.

Nalisisitiza hili kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Kompyuta yenye .94 na nyingine yenye .97 zinaweza kuchomekwa kwenye swichi moja, taa zikawaka vizuri kabisa, lakini kwa maski hiyo kila moja inaamini mwenzake yuko mtandao mwingine, inatafuta ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao. Ruta isipokuwepo, haziongei, nawe utabadilisha nyaya mchana kutwa bure. Tazama maski kwanza, waya baadaye!

Kwa maski kama /20 hesabu ni ileile, ila unaifanya kwenye namba ya tatu: 255.255.240.0, yaani 256 toa 240, hatua ni 16.