Maelezo ya programu huria yakikuacha kwenye mataa

fatal error: zlib.h: No such file or directory

Mstari huo ulinikalisha mbele ya kompyuta jioni mbili mfululizo. Nilitaka kusakinisha programu ndogo huria ya kupunguza ukubwa wa picha za PNG. Maelezo yake yalikuwa na mistari miwili tu: andika make ili kuijenga, kisha andika sudo make install ili kuisakinisha kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, ambayo ndiyo kazi ya sudo. Nikaandika make. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna faili linaloitwa zlib.h. Nikajiambia, kama halipo nitalitafuta. Nikalipata kwenye intaneti, nikalipakua, nikaliweka kwenye folda ya programu, nikajaribu tena. Safari hii ikadai zconf.h. Nikalitafuta nalo. Jibu la tatu likawa cannot find -lz, na hapo sikuwa na faili la kutafuta, maana sikujua hata -lz ni kitu gani. Nililala nikiamini kwamba mambo haya hayakuumbiwa watu kama mimi.

Dawa yake ilikuwa hii:

sudo apt install zlib1g-dev

Naanza na kisa hiki kwa sababu nimewasaidia watu wengi tangu wakati huo, na karibu kila aliyekwama alikwama kwa namna hiyohiyo. Mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu hugawa maktaba, yaani vipande vya kodi vinavyotumiwa na programu nyingi, mafungu mawili; -lz iliyonishinda ilikuwa maktaba mojawapo, ile ya zlib. Fungu la kwanza ni la kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, na hilo huwa umelipata bila kujua. La pili ni la kujengea programu mpya, na jina lake huishia na -dev. Kwenye Fedora, mfumo mwingine wa Linux, huishia na -devel. Aliyeandika yale maelezo alilisakinisha fungu la pili zamani, kwa kazi nyingine, akalisahau. Kwake make ilikubali mara ya kwanza. Hakunificha kitu, yeye mwenyewe hakukiona.

Kwa hiyo unapokwama, kabla hujajilaumu, jiulize: mwandishi alikuwa na nini tayari kwenye mashine yake ambacho mimi sina? Kompyuta yenyewe inaweza kukujibu. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha apt-file, endesha sudo apt-file update, kisha apt-file search zlib.h, nayo itakutajia kifurushi chenye faili hilo. Kwenye Fedora andika dnf provides '*/zlib.h'. Usipakue faili mojamoja kama nilivyofanya mimi. Utatoka shimo moja na kuingia jingine. Na kabla ya yote hayo, andika apt search na jina la programu unayoitaka. Mara nyingi imekwisha kujengwa na inakungoja, ila ukurasa wa watengenezaji wake hausemi.

Jambo la pili ni alama. Maelezo mengi yana lugha ya alama ambayo hakuna anayekufundisha. Dada mmoja aliniita akilia kabisa, amenakili amri neno kwa neno na bado inakataa. Nilipotazama skrini niliona ameandika git clone <url>, amri ya kunakili mradi kutoka kwenye intaneti, pamoja na yale mabano ya pembe, na bash, programu inayopokea amri unazoandika, ikamjibu syntax error near unexpected token `newline'. Jibu hilo halimsaidii mtu. Alichokifanya ni utiifu mtupu: aliambiwa aandike hivyo, akaandika hivyo. Mabano ya pembe maana yake ni "ondoa hiki chote, weka chako". Kwa bash alama hizo zina kazi nyingine kabisa, ya kuelekeza data kutoka au kwenda kwenye faili, ndiyo maana inachanganyikiwa.

Zikariri chache hizi na nusu ya mateso itaisha. Alama ya $ mwanzoni mwa mstari haiandikwi. Inaonyesha tu kwamba amri ni ya mtumiaji wa kawaida. Ukiinakili utaambiwa $: command not found. Alama ya # mahali hapohapo inaonyesha amri ya msimamizi wa mfumo, kwa hiyo weka sudo badala yake. Sasa tazama mstari huu kutoka kwenye maelezo ya amri ya cp:

cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY

Mabano ya mraba yanasema "si lazima". Nukta tatu zinasema "unaweza kurudia". Herufi kubwa ni nafasi ya kujaza vitu vyako. Basi mstari wote unasema: andika cp, ukitaka ongeza vibadilishi, taja faili moja au zaidi, malizia na folda ya kuzipeleka. Na sudo ikikuuliza nywila, ujue kwamba unapoandika huenda usione herufi wala nyota. Kibodi haijafa. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter. Sijui ni wangapi wamekata tamaa hapo.

Halafu kuna man, amri ya kufungua mwongozo uliomo ndani ya mfumo wenyewe. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo mkongwe ambao Linux inauiga, una tarehe ya Novemba 3, 1971, nao uliandikwa na waliokuwa wakiujenga mfumo huo, kwa ajili ya wenzao wa kazi. Umbo lake limebaki karibu vilevile. Ni kamusi, na hakuna anayejifunza lugha kwa kusoma kamusi kuanzia A. Usiusome kutoka juu kwenda chini. Ukiufungua, bonyeza / uandike neno unalolitafuta, kisha n kwenda panapofuata. Bonyeza G kwenda mwisho, kwa kuwa kama kuna mifano huwekwa karibu na huko. Kutoka ni q. Kurasa nyingine zina majina pacha: man crontab inaeleza amri ya kupangia kompyuta kazi za kujirudia, ilhali man 5 crontab inaeleza jinsi ya kuandika faili lenyewe la ratiba, na ndilo watu wengi wanalolihitaji. Ukitaka mifano mitupu, sakinisha tldr: andika tldr tar na utapata matumizi machache ya kila siku, kila moja na sentensi yake.

Daniele Procida, aliyebuni mpango wa uandishi unaoitwa Diátaxis, anagawa maelezo ya programu mafungu manne: somo la kumshika mwanafunzi mkono, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo, na ufafanuzi wa sababu. Mgawanyo huo ulinifungua macho. Hasira nyingi za wageni zinatokana na kuhitaji somo na kupewa marejeo. Ukifungua ukurasa, tambua kwanza ni fungu lipi. Kama ni marejeo na wewe hujaigusa programu hata mara moja, funga, tafuta somo, hayo mengine utayarudia.

Kikwazo ninachokiona kigumu kuliko vyote ni kutojua neno wanalolitumia watengenezaji wa programu. Mwenzangu alihariri picha thelathini kwa GIMP, akabonyeza Save kila moja, akazituma, na aliyezipokea hakuweza kuzifungua hata moja. Zote zilikuwa na jina la kuishia .xcf. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, Save ya GIMP inahifadhi kwa XCF peke yake, muundo unaotunza matabaka yote ya kazi. Ukitaka JPEG au PNG unatumia Export As, yaani Ctrl+Shift+E. Sababu yao ina mantiki, na maelezo yao yanalieleza vizuri. Lakini mtu anayetafuta "kuhifadhi" atalifikiaje neno "kusafirisha nje"? Ukihisi kwamba jambo haliwezekani, shuku kwanza jina. Pitia menyu zote moja baada ya nyingine, ukisoma bila kubonyeza. Kwenye GIMP 2.10 na kuendelea, bonyeza / upate kisanduku cha kutafutia amri.

Angalia pia umri wa maelezo. Andika jina la programu na --version, linganisha na toleo linalotajwa kwenye ukurasa. Mafunzo mengi ya Python, lugha ya kuandikia programu, bado yanakuambia uandike pip install ili kuongeza vifurushi vyake, lakini Debian 12 ya mwaka 2023 inakataa, inasema externally-managed-environment. Hujakosea. Tengeneza mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv kazi, yawashe kwa source kazi/bin/activate, kisha pip itakubali. Ikiwa venv yenyewe inagoma, sakinisha python3-venv kwanza.

Mfumo wako ukitoa makosa kwa lugha isiyo Kiingereza, anza amri yako na LC_ALL=C, kwa mfano LC_ALL=C make. Kosa litatoka kwa Kiingereza na utawapata wengi waliokwisha kulikuta. Unapolitafuta, ondoa jina lako na njia za folda zako, bakiza maneno ya kosa tu.

Ukilazimika kuuliza watu, sema ulichofanya, ulichotegemea, ulichokipata kwa maneno yaleyale ya kompyuta, na matoleo ya mfumo na programu. Maandishi, si picha ya skrini. Huenda mtu akakujibu "soma maelezo". Najua wengi wao wanajitolea, wamechoka, na swali hilo wamelijibu mara mia. Hata hivyo jibu hilo si sahihi, na linaumiza. Taja ukurasa uliosoma na mstari uliokushinda, kisha uliza tena kwa utulivu.

Nakuomba jambo moja. Weka daftari wazi tangu dakika ya kwanza na uandike kila unapokwama, papo hapo, kwa maneno ya aliyekwama. Wiki moja baadaye utakuwa umezoea, na hutakumbuka kwamba kulikuwa na kikwazo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji haoni tena mlango unaokwaruza. Kisha utume ulichokiandika. Miradi mingi huweka faili la README, lenye maelezo ya mwanzo ya programu, mahali ambapo unaweza kubonyeza alama ya kalamu, kuongeza mstari, na kuupendekeza kupitia kivinjari bila kusakinisha chochote.

Mimi niliurudia ule mradi wa picha. Juu ya mistari yake miwili nikapendekeza mmoja: "Kwenye Debian na Ubuntu, anza na sudo apt install build-essential zlib1g-dev." Siku tisa baadaye mwenye mradi aliukubali, akashukuru, akaniuliza kama najua jina la kifurushi hicho kwenye Fedora.