Kabla ya kusaini mkataba wa ulinzi nchi yenye vita
Kijana wa Mtwara anayeahidiwa kazi ya ulinzi nchini Iraki au penginepo penye vita aanze kwa kuhakiki leseni ya wakala katika ofisi ya kazi, kisha ausome mkataba wote kwa lugha anayoielewa, hasa kifungu cha fidia: akikatwa mguu na bomu, nani atamlipa, na akifa, nani ataurudisha mwili wake Mikindani? Waganda wengi waliolinda kambi za Marekani huko Iraki waliona mishahara ikishuka kadiri kampuni zilivyoshindania zabuni, kwa hiyo mshahara uandikwe kwa tarakimu. Pasipoti abaki nayo mwenyewe. Nakala ya mkataba aiache nyumbani, sandukuni kwa mama yake.