Kupunguza madhara ya dawa za usingizi kwa mazingira katika upasuaji wa kurudi nyumbani siku hiyohiyo

Mtaalamu wa usingizi anayehudumia Kigoma aanze kwa kujiuliza kama mgonjwa anahitaji kulala kabisa, kwa kuwa ngiri, busha na uvimbe mdogo wa ngozi mara nyingi hupasuliwa kwa ganzi ya lignokaini au kwa sindano ya uti wa mgongo, ambazo hazitoi gesi ya usingizi angani. Usalama wa mgonjwa hutangulia daima.

Inapolazimu kutumia gesi, uchaguzi una uzito mkubwa. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya desfluraini huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,500 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi, ilhali sevofluraini ni takriban mara 130. Ndiyo maana Scotland iliiacha desfluraini mwaka 2023. Nitrasi oksaidi, gesi nyingine ya usingizi inayodumu angani zaidi ya karne, iepukwe panapowezekana.

Baada ya mgonjwa kulala, punguza mtiririko wa gesi hadi lita moja kwa dakika au chini yake, mradi mashine inazungusha hewa kupitia chokaa soda, yaani chembe zinazonyonya kaboni dayoksaidi, na ina kipimo cha oksijeni. Mashine za kuvuta hewa ya chumbani hazina uwezo huo, nami nasisitiza zisilazimishwe.

Propofoli, dawa ya usingizi inayodungwa mshipani, haina gesi, lakini hudhuru viumbe vya majini, kwa hiyo vuta kwenye bomba la sindano kiasi kinachohitajika tu, na mabaki yachomwe kwenye tanuri la taka, yasimwagwe kwenye sinki linaloelekea Ziwa Tanganyika.