Jinsi ya kuhesabu vyama katika ujumbe wa jimbo la Marekani bungeni: mfano wa Minnesota

Anza na tarehe. Viti hubadilika hata katikati ya muhula, kwa hiyo juu ya jedwali lako andika siku unayoihesabia, kwa mfano 3 Januari 2025, Bunge la 119 lilipoanza.

Kisha tenganisha mabaraza mawili. Kila jimbo lina maseneta 2, liwe kubwa au dogo. Viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa upya kwa idadi ya watu baada ya kila sensa ya miaka 10. Minnesota ina 8, na cha nane ilikipata kwa chupuchupu: baada ya sensa ya 2020 ilipata kiti cha mwisho kabisa, New York ikakikosa kwa upungufu wa watu 89.

Majina yachukue kwenye tovuti ya Karani wa Baraza la Wawakilishi na ile ya Seneti. Usitegemee matokeo ya uchaguzi, kwani hayaonyeshi aliyefariki, aliyejiuzulu wala aliyehama chama. Kila kiti kipe mstari wake kwa namba ya eneo la uchaguzi. Tarehe ile, maeneo ya 1, 6, 7 na 8 ya Minnesota yalikuwa ya Warepublikani. Ya 2, 3, 4 na 5 ya Wademokrati. Sare, 4–4. Maseneta Amy Klobuchar na Tina Smith wote ni Wademokrati. Ukichanganya yote unapata 6–4, hesabu sahihi inayoficha sare hiyo.

Kwenye karatasi za kura za huko utakuta DFL, yaani Democratic-Farmer-Labor, chama kilichotokana na muungano wa 1944. Ni Wademokrati hao hao, usiwatengee safu yao. Wasio na chama ndio wa kutengewa: Angus King wa Maine na Bernie Sanders wa Vermont huandikwa "huru", ingawa Senetini wamo katika kambi ya Wademokrati.

Wengi hukosea kwenye kiti kilicho wazi, wakakiacha kwa chama cha aliyeondoka. Jim Hagedorn wa eneo la 1 alifariki Februari 2022, na Brad Finstad, Mrepublikani mwenzake, akashinda uchaguzi mdogo wa Agosti. Katikati hapo hesabu ilikuwa 4–3, wazi 1. Kiti cha Baraza la Wawakilishi hujazwa kwa kura tu. Cha Seneti, katika majimbo mengi, gavana anaweza kuteua mtu. Smith mwenyewe aliingia hivyo Januari 2018, Al Franken alipojiuzulu.

Sare si jambo dogo. Asipopatikana mgombea urais mwenye zaidi ya nusu ya kura za wajumbe maalumu, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, Baraza la Wawakilishi ndilo huchagua, na kila jimbo hupiga kura moja. Mshindi anahitaji majimbo 26. Ilitokea hivyo mara ya mwisho 1825. Jimbo la 4–4 ambalo kila mbunge anashikilia chama chake huandikwa "limegawanyika", na kura yake haiendi kwa yeyote. Kwa hesabu hiyo waache maseneta nje.