Kufufua rili kuukuu ya kuvulia kwa shilingi 500

Mpwa wangu alirudi kutoka soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja na rili ya mitumba, kile chombo cha kukunjia mshipi wa kuvulia. Mkono wa kuizungushia ulikwaruza kama unasaga mchanga, na ule waya unaopokea mshipi haukujifunga. Tuliishughulikia barazani jioni mbili, na sasa anavulia nayo ufukweni Dunga.

Vifaa: bisibisi mbili ndogo, mswaki mkuukuu, mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, grisi kidogo, trei ya mayai na simu ya kupigia picha. Yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu siyataki ndani ya rili. Yanafungua skrubu vizuri, lakini ukiyategemea kulainisha gia, baada ya muda mfupi chuma kinabaki kikavu.

1. Fungua. Skrubu ikigoma, idondoshee mafuta ya taa uiache hadi asubuhi. Kwenye rili nyingine nati ya mbele hufunguka kinyume, kwa hiyo jaribu pande zote mbili kwa upole kabla hujatumia nguvu.

2. Panga vipande kwenye trei ya mayai, kila shimo kipande kimoja, kwa mfuatano uliovitoa. Tafadhali usiiruke hatua hii. Ubavuni mwa gia kubwa kuna washa, vile vibati vya duara vyenye tundu katikati, nyembamba kama karatasi, na hung'ang'ania kwenye grisi nzee hata usizione. Kazi yake ni kuamua gia hiyo itaingia kiasi gani kwenye meno ya gia ndogo. Rili yangu ya kwanza ilinila Jumamosi nzima kwa sababu ya washa moja niliyoirudisha upande usio wake. Nilifungua na kufunga mara sita, nikabadilisha grisi, nikalaumu beringi, na mkono ukaendelea kuwa mzito. Kwa hiyo pangusa gia kwa kidole kabla ya kuitia kwenye mafuta, hesabu washa za kila upande, piga picha. Ikiwa umeshazichanganya, zungusha mkono rili ikiwa bado haina grisi: ukiwa mzito, punguza washa, ukicheza na kukwaruza, ongeza. Angalia pia meno yenyewe. Yakiwa yameliwa, washa haitakusaidia, tafuta rili nyingine ya aina hiyo hiyo uichune vipuri.

3. Osha. Vyuma kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha vikauke kabisa. Vitambaa vya breki, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, usiviloweke humo, vipanguse tu.

4. Lainisha. Grisi kwenye meno ya gia, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi. Ukiijaza grisi, rili itakuwa nzito.

5. Springi ya ule waya. Yetu ilikuwa imevunjika. Fundi wa jua kali alikunja nyingine kwa kuangalia ile ya zamani, kwa shilingi 100. Mpelekee vipande vyote viwili.

6. Pima breki. Iweke kwenye robo ya nguvu ya mshipi. Kama mshipi unakatika kwa kilo 20, funga dumu la lita 5 lililojaa maji, linyanyue kwa rili yenyewe bila fimbo. Breki ishike, lakini ukilivuta dumu kidogo, mshipi utoke bila kushtuka. Ukimaliza kuvua, ilegeze kabla ya kuitundika, vitambaa visibaki vimebanwa.