Somo: Hesabu ya dema, au namna ubongo unavyojua kitu kina thamani gani

Assalaam aleikum wanadarasa. Ile picha mliyonirushia kwenye WhatsApp, yenye ubongo umepakwa waridi na maandishi "dopamini ni homoni ya furaha", nimeiona mara sita wiki hii. (Dopamini ni kemikali ambayo baadhi ya seli za ubongo hutumia kupashana habari.) Mara ya sita alinitumia mke wangu. Basi leo tukae kitako. Chukueni daftari na kalamu, maana tutapiga hesabu, ya darasa la tano tu, msikimbie.

Neno moja kwanza. Kitu kizuri anachopata mnyama au mtu baada ya kufanya jambo nitakiita "malipo". Sitasema "thawabu", hiyo ina Mwenyewe.

Hatua ya 1. Chora jedwali

Safu nne: siku, nilichotarajia, nilichopata, pengo. Pengo ni ulichopata ukitoa ulichotarajia.

Ami yangu yuko Tumbe, kaskazini ya Pemba, anatega dema. Kwa ndugu zetu wa bara: dema ni mtego uliosukwa kama kikapu kikubwa, una mdomo samaki anaingia na kutoka hawezi. Unautia mwani ndani kama chambo cha tasi, unaufunga mawe uzame, juu unaacha chelezo ili upajue. Tuseme amehamia mwamba mpya ambao hajawahi kuutega. Hana matarajio yoyote, kwa hiyo anaanza na 0.

Hatua ya 2. Jaza siku nne

Kila siku dema linatoa kilo 4. Baada ya kila siku, chukua pengo, ligawe kwa mbili, hiyo nusu iongeze kwenye matarajio.

Siku ya 1: alitarajia 0, kapata 4, pengo 4. Nusu yake 2, kwa hiyo kesho atatarajia 2.
Siku ya 2: pengo 2. Matarajio yanakuwa 3.
Siku ya 3: pengo 1. Matarajio 3.5.
Siku ya 4: pengo 0.5. Matarajio 3.75.

Angalieni safu ya mwisho. Samaki ni wale wale, kilo 4 kila siku, lakini pengo linayeyuka. Ami wa siku ya 1 alirudi pwani anaimba. Siku ya 4 anashusha kilo zile zile na anauliza chai iko wapi.

Hatua ya 3. Siku ya 5, dema tupu

Labda mkondo umebadilika, labda kuna mtu kalitembelea usiku (hayo tuyaache). Alitarajia 3.75, kapata 0. Pengo ni kasoro 3.75, yaani chini ya sifuri. Nusu yake kasoro 1.875, matarajio yanashuka hadi 1.875.

Siku ya kwanza, kabla hajatega, alikuwa na samaki sifuri na moyo mweupe. Leo ana samaki sifuri vile vile na hasemeshwi. Sifuri ni ile ile, tafauti ni alichokuwa akikitegemea.

Kanuni hii ya kusahihisha matarajio kwa sehemu ya pengo waliiandika wanasaikolojia Robert Rescorla na Allan Wagner mwaka 1972, kueleza wanyama wanavyojifunza kuhusisha ishara na kinachofuata. Ilikuwa kalamu na karatasi tu. Hakuna aliyekuwa ameliona pengo lenyewe ndani ya kichwa.

Hatua ya 4. Mtazame paka

Hii fanyeni nyumbani. Paka wetu hapa Ng'ambo mwanzo alikuwa anakuja samaki akishawekwa chini. Baadaye akawa anakuja akisikia kisu kinapara magamba. Siku hizi anasimama mtu akitoa tu ubao uvunguni: masikio mbele, mkia juu, samaki bado yumo mfukoni. Furaha yake imehama kutoka kwa samaki ikaenda kwenye ubao.

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz aliliona jambo hilo hilo kwa nyani huko Uswisi, akiwa ametia sindano nyembamba karibu na seli zinazotoa dopamini. Nyani akipewa tone la juisi bila kutegemea, seli zinaripuka kwa nguvu. Taa ikiwa inawaka kabla ya juisi, baada ya siku kadhaa seli zinaripuka taa inapowaka, na juisi ikifika zinabaki kwenye kawaida yao. Halafu taa ikawashwa, juisi ikazuiwa: seli zikanyamaza chini ya kawaida yao, tena kwenye sekunde ile ile juisi ilipotakiwa ifike. Yaani safu yetu ya nne, ikiwemo kasoro. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague wakaandika kwamba seli hizi zinabeba pengo la matarajio.

Kwa hivyo ile picha ya waridi ifuteni. Dopamini hapa inafanya kazi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu: "ulikisia kidogo", "ulikisia kingi", na pale ulipokisia sawa, hasemi kitu.

Hatua ya 5. Nani anafanya nini

Hapa nitapita haraka. Seli za dopamini ziko ubongo wa kati, na ni laki chache tu kati ya seli za neva bilioni 86 hivi za ubongo mzima, lakini matawi yake yanafika mbali. Moja ya sehemu zinazopokea ni striatamu, katikati ya ubongo, ambako thamani ya kutenda inaandikwa. Ganda la mbele, juu ya matundu ya macho, linapima thamani ya kitu kwa hali uliyo nayo sasa: bakuli la kwanza la urojo pale Forodhani na la tatu ni urojo ule ule, ila wewe si yule yule. Na amigdala, kipande kama lozi kila upande, inaunganisha ishara na hisia, khofu khasa.

Kuhusu hisia kuna jambo limenikaa sana. Mwaka 2014 Robb Rutledge na wenzake waliwachezesha watu michezo ya bahati nasibu na kuwauliza kila baada ya muda wana furaha kiasi gani, wengine zaidi ya 18,000 kwa simu. Jumla ya walichovuna haikueleza furaha yao vizuri. Kilichoieleza ni matarajio na mapengo ya karibuni. Yule ami wa siku ya 5, basi.

MASWALI

Bi Karafuu: Maalim, kama dopamini si furaha, mbona wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, dopamini ikipungua wanakuwa wanyonge?

Swali zuri, bibie. Mtafiti Kent Berridge alitenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili kinavyo siku nyingi: hamu na utamu. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakwenda kutafuta chakula hata kikiwa karibu. Lakini ukiwatilia sukari mdomoni, wanajiramba vile vile. Utamu wanausikia, hamu ndiyo hawana. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukaa tu, na wewe ukadhani hapendi chochote.

Mtoto wa Mkoani: Hapo hapo. Mzee wetu anatumia dawa za Parkinson, na tangu abadilishiwe amekuwa mtu wa kubeti kwenye simu. Hajawahi kucheza kamari maisha yake. Tunamwona kakosa haya.

Ndugu yangu, msimlaumu kwanza. Baadhi ya dawa hizo, khasa zinazoiga dopamini kama pramipeksoli, zinajulikana kuleta tabia hii: kamari, kununua ovyo, kula bila kiasi. Mwambieni daktari wake waziwazi wiki hii. Dawa msizikatishe wenyewe ghafla, ni hatari. Na simu muiweke mbali. Kamari ni dema ambalo hujui lini litajaa, kwa hiyo pengo halifungi kamwe, hata kwa asiyekunywa dawa.

Mwalimu S.: Skuli yetu tunataka kuwapa pipi watoto kila wakisoma kitabu. Ni sawa?

Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wanaopenda kuchora, iwapo watachora. Baadaye, vyeti vikiisha, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Kwa asiyesoma kabisa pipi inaweza kumwanzisha. Kwa anayesoma mwenyewe, mwache, siku moja mshtukize.

Abiria: Tulipigwa na bahari kali baina ya Unguja na Pemba mara moja tu. Sasa nikisikia honi ya meli mikono inatoka jasho. Nimepanda salama mara tano tangu siku ile. Hesabu yako inasema khofu ingeisha.

Hesabu yangu imekupunja hapo, nakubali. Khofu kubwa haigawi kwa mbili, inajifunza karibu yote kwa mara moja. Na safari salama hazifuti somo la kwanza, zinaandika la pili juu yake. La kwanza liko chini, na likipata honi, harufu ya mafuta au meli usiyoizoea, linachomoza. Endelea kupanda, bahari ikiwa shwari kwanza, na ukae pale pale ulipokaa siku ile.

Bwana Tasi: Maalim, badala ya nusu nikichukua pengo zima?

Jaribu kwenye jedwali. Siku ya 1 matarajio yanakuwa 4 mara moja, siku ya 5 yanarudi 0. Huyo ni mvuvi anayekumbuka jana tu. Ukichukua sehemu ya kumi, ni mzee anayeng'ang'ania mwamba uliokufa.

Bwana Tasi: Ami yako yupi kati yao?

Wa sehemu ya kumi. Mpaka leo dema liko pale pale.